Afisi ya Umma Si Jukwaa la Kampeni: Mambo ambayo Mkazi Anafaa Kujua Kuhusu Kura ya Maamuzi

Chukulia mfano huu. Wakazi wa wadi moja hawakubaliani na mpango wa kuhamisha soko lao hadi nje ya mji. Wanaanza kukusanya saini ili suala hilo liamuliwe kwa kura. Kabla saini hazijatosha, gari la idara ya maji linaonekana mitaani likiwa na vipaza sauti, likiwaonya watu wasitie saini. Siku ya baraza la basari, msimamizi wa wadi anamaliza kusoma majina, kisha anaongeza kwamba mtaa utakaounga mkono ombi la soko usishangae fedha za karo zikichelewa.

Hakuna aliyepigwa wala kukamatwa. Hata hivyo, mzazi aliyekuwa ametia saini anarudi nyumbani akijiuliza iwapo mwanawe ataruhusiwa kurudi shuleni muhula ujao. Jirani yake, ambaye alikuwa bado hajaamua, anaamua kutotia saini kabisa.

Kisa hiki ni cha mfano tu, lakini kinaonyesha kinachomaanishwa na matumizi mabaya ya afisi katika kampeni ya kura ya maamuzi. Makala haya yanaeleza sheria inasema nini, mpaka kati ya kutoa habari na kupiga kampeni uko wapi, na hatua ambazo mkazi anaweza kuchukua.

Njia ambayo ni ya wananchi

Katiba ya Kenya ya 2010 haikuacha uamuzi wote mikononi mwa viongozi waliochaguliwa. Kifungu cha 257 kinawaruhusu wananchi kupendekeza marekebisho ya Katiba kwa kukusanya saini za wapiga kura waliosajiliwa wasiopungua milioni moja. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) huthibitisha saini hizo, kisha mswada hupelekwa katika kila bunge la kaunti, ambalo lina miezi mitatu ya kuujadili na kuupigia kura. Mswada ukiungwa mkono na mabunge mengi ya kaunti, yaani angalau 24 kati ya 47, hupelekwa katika Bunge la kitaifa. Ikiwa unagusa mambo mazito yaliyotajwa katika Kifungu cha 255, kama vile mamlaka ya wananchi, Sheria ya Haki au ugatuzi, sharti wananchi wenyewe wapige kura ya maamuzi.

Katika ngazi ya kaunti, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaruhusu kura ya maamuzi ya mashinani. Kura hiyo inaweza kuhusu sheria za kaunti, au maamuzi ya mipango na uwekezaji yanayoigusa kaunti, endapo ombi limetiwa saini na angalau asilimia 25 ya wapiga kura waliosajiliwa katika eneo ambako kura hiyo itapigwa.

Njia hizi zina jambo moja linalofanana. Mara nyingi hutumiwa wakati wananchi hawakubaliani na wale walio afisini. Kwa hivyo ni rahisi kwa afisa kuliona ombi la wananchi kama shambulio dhidi yake, na kutumia kila kilicho karibu naye kulizima. Kilicho karibu naye ni gari, mafuta, wafanyakazi, baraza na orodha ya basari, na vyote hivyo vimelipiwa na wananchi. Afisa akivitumia kupinga ombi lao, wananchi wanagharamia kampeni ya kuwashinda wao wenyewe.

Mahakama ya Juu iligusia suala la nani ana haki ya kutumia njia hii katika uamuzi wake wa Machi 31, 2022 kuhusu mpango wa BBI. Ilisema kwamba Rais hawezi kuanzisha marekebisho ya Katiba kupitia njia ya wananchi ya Kifungu cha 257. Njia hiyo ni ya wananchi, na serikali ina njia yake ya kupitia Bunge.

Sheria inasema nini

Sheria kadhaa zinahusika.

Kwanza, Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza mgombea, kamati ya kura ya maamuzi au mtu mwingine yeyote kutumia rasilimali za umma kupigia kampeni wakati wa uchaguzi au kura ya maamuzi, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Katazo hilo halitofautishi upande wa Ndiyo na upande wa La.

Pili, Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 inamkataza afisa wa umma kushiriki shughuli ya kisiasa inayoweza kuharibu, au kuonekana kuharibu, hali ya afisi yake ya kutoegemea upande wowote.

Tatu, Kifungu cha 73 cha Katiba kinasema mamlaka aliyopewa afisa wa serikali ni amana ya wananchi. Yanapaswa kutumiwa kuwahudumia, si kuwatawala.

Nne, Kifungu cha 226(5) kinagusa mfuko wa afisa mwenyewe. Mwenye afisi ya umma akiagiza au kuidhinisha fedha za umma zitumiwe kinyume cha sheria, atawajibika kwa hasara hiyo na atailipa, awe bado yuko afisini au ameshatoka.

Tano, kutumia afisi isivyofaa ili kujinufaisha au kumnufaisha mtu mwingine ni kosa la ufisadi chini ya Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003.

Kutoa habari si kupiga kampeni

Serikali ya kaunti ina wajibu wa kuwaelimisha wakazi kuhusu mambo ya uraia. Haiwezi kunyamaza kabisa swali kubwa linapoletwa mbele ya umma. Mkazi anahitaji kujua mpango wa soko utagharimu kiasi gani, wachuuzi wangapi wataguswa, na nini kitatokea ombi likipita au likikataliwa. Tatizo huanza pale habari inapogeuka kuwa ushawishi.

Yanayokubalika:
- Kutangaza tarehe, mahali na utaratibu wa kupiga kura.
- Kueleza swali litakaloulizwa na maana ya kila jibu.
- Kutoa gharama, ramani na ripoti za mradi, hata zile zisizopendeza upande wa serikali.
- Kuandaa kikao cha umma ambapo pande zote mbili zinapewa muda sawa wa kuzungumza.
- Kujibu maswali ya wakazi kwa ukweli.

Yasiyokubalika:
- Kutumia magari, mafuta, vipaza sauti au marupurupu ya usafiri ya kaunti kusambaza ujumbe wa upande mmoja.
- Kuwaagiza wafanyakazi wa kaunti wahudhurie mkutano wa kampeni au wavae fulana zenye alama ya upande fulani wakiwa kazini.
- Kuhusisha basari, dawa, mbolea, leseni ya biashara au kibarua na jinsi mtu atakavyopiga kura.
- Kuwanyima ukumbi wa umma watu wa upande mmoja huku upande mwingine ukiutumia.
- Kutumia orodha ya waliotia saini kuwatafuta na kuwatisha.
- Kuchapisha tangazo lenye nembo ya kaunti linalowaambia wakazi wachague jibu gani.

Kipimo rahisi ni kujiuliza swali moja: je, mkazi anayeunga mkono na mkazi anayepinga wote wangesema kwamba tangazo au kikao hiki kimewasaidia kuamua wenyewe? Ikiwa ni mmoja tu angesema hivyo, huenda hapo pana kampeni.

Mafunzo ya nyuma

Wakenya wazima wengi wanakumbuka kura ya maamuzi ya Novemba 21, 2005, ndizi ikiwa alama ya Ndiyo na chungwa alama ya La. Mawaziri wa serikali moja waligawanyika na kupiga kampeni pande zote mbili. Upande wa La ulishinda kwa takriban asilimia 58. Baadaye Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitoa ripoti iliyokosoa mwenendo wa kampeni hizo, ikiwemo ubadhirifu wa mali ya umma. Funzo la mwaka huo ni kwamba aliyeshinda na aliyeshindwa wote wanaweza kuwa walitumia kisichokuwa chao.

Nchi nyingine zimelipeleka suala hili mahakamani. Mwaka wa 1995 serikali ya Ireland ilitenga pauni 500,000 za umma kuhimiza wapiga kura waunge mkono kuondolewa kwa katazo la talaka katika katiba. Mwanasiasa Patricia McKenna alishtaki. Wiki moja kabla ya kura, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba serikali haiwezi kutumia fedha za umma kusaidia upande mmoja, kwa sababu fedha hizo ni za wananchi wote, wakiwemo wanaopinga. Mawaziri walibaki huru kutoa maoni yao. Kura ilipigwa, na Ndiyo ikashinda kwa tofauti ndogo sana.

Mwaka wa 2012 mahakama hiyo hiyo ilirejea suala hilo. Serikali ilikuwa imechapisha kijitabu kilichoitwa cha habari kuhusu kura ya haki za watoto. Mahakama ilisema sehemu za kijitabu hicho hazikuwa za haki wala zisizoegemea upande. Kuandika neno "habari" kwenye jalada hakukutosha.

Je, afisa wa umma hana haki ya maoni?

Anayo. Afisa ni raia, na Katiba inampa haki ya kupiga kura na uhuru wa kujieleza kama mtu mwingine. Chifu anaweza kupiga kura ya La bila kumweleza mtu. Gavana na wawakilishi wadi ni wanasiasa waliochaguliwa. Wananchi hutarajia kujua msimamo wao, na mwakilishi wadi hana budi kupiga kura mswada wa wananchi unapofika katika bunge la kaunti.

Kinachokatazwa ni kutumia nguvu na mali ya afisi kuwalazimisha wengine wafuate maoni hayo. Kiongozi anayetaka kupiga kampeni ana njia halali. Sheria ya Uchaguzi inaruhusu wanaounga mkono na wanaopinga kuunda kamati za kura ya maamuzi na kuzisajili kwa IEBC. Huko anaweza kuchangia fedha zake na muda wake. Afisa wa umma asiyechaguliwa, kama vile msimamizi wa wadi, mkurugenzi au chifu, anapaswa kujihadhari zaidi, kwa kuwa wakazi humfuata kutafuta huduma, na wengi hawawezi kutofautisha maoni yake na agizo la serikali.

Mfanyakazi anapoagizwa na mkubwa wake

Mara nyingi anayeshika usukani wa gari la kampeni si aliyetoa amri. Ni dereva, karani au mhudumu wa afya wa jamii aliyeambiwa afanye hivyo. Kifungu cha 236 cha Katiba kinamlinda afisa wa umma dhidi ya kuteswa, kubaguliwa au kufutwa kazi bila kufuata sheria kwa sababu ametekeleza kazi yake kwa mujibu wa Katiba. Mfanyakazi aliyepewa agizo linalotia shaka anashauriwa kuomba agizo hilo kwa maandishi, na kujaza daftari la safari za gari kwa ukweli: limeenda wapi, limebeba nani, kwa shughuli gani. Rekodi hiyo inaweza kumkinga yeye na kumwonyesha aliyeagiza.

Hatua za kuchukua

1. Andika ulichoona siku hiyo hiyo: tarehe, saa, mahali, nambari ya gari, cheo cha afisa na maneno yaliyotumika. Picha husaidia, lakini usijihatarishe kuipiga.

2. Omba rekodi. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, raia anaweza kuiomba afisi ya umma rekodi za matumizi ya mafuta, magari au matangazo. Afisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikikataa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, yaani afisi ya Ombudsman.

3. Ripoti mahali panapofaa. Makosa ya kampeni hupelekwa kwa IEBC au kituo cha polisi. Matumizi mabaya ya mali na afisi ya umma hupelekwa kwa Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi (EACC), nambari ya bure 1551.

4. Peleka ombi katika bunge la kaunti. Bunge la kaunti lina jukumu la kusimamia utendaji wa serikali ya kaunti, na linaweza kumwita afisa aeleze fedha zilivyotumika.

5. Ikiwa basari, leseni au huduma imezuiwa kwa sababu ya msimamo wako, omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 kinampa haki hiyo mtu ambaye ameathiriwa au huenda akaathiriwa na uamuzi wa kiutawala.

Mzazi wa mfano ule wa soko hapaswi kuondoa saini yake ili mwanawe asome. Basari hutolewa kwa kuzingatia vigezo vilivyowekwa, na jinsi mzazi anavyopiga kura si mojawapo. Akiambiwa vinginevyo barazani, ana haki ya kuuliza mbele ya wote ni sheria gani inayosema hivyo, na ajibiwe.