Mtunza bustani naye ni fundi

Wahenga walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Methali hiyo hunijia akilini kila nipitapo katika mtaa wa Ngoingwa, kandokando ya barabara itokayo mjini Thika kuelekea Mang'u. Nyumba nzuri zinazidi kujengwa humo, na kila mwenye nyumba, hata kama kiwanja chake ni kidogo, hutaka nyasi za kijani mbele ya mlango, ua wa kayaba uliokatwa ukanyooka, na waridi za kupokea wageni. Miti imo, maua yamo, na watu wa kuyapanda wamo. Asiyekuwamo ni fundi wa bustani, kwa kuwa hatujakubali bado kwamba kazi hiyo ina ufundi.

Mimi ni mwalimu wa isimu na maneno ndiyo riziki yangu. Basi naomba mpenzi msomaji aniwie radhi nikianza na neno. Anayejenga ukuta twamwita fundi. Anayeshona nguo ni fundi, na anayetengeneza saa ni fundi vilevile. Lakini anayesawazisha ardhi, akachimba mitaro, akajenga ngazi za mawe na kuotesha miche mia kutokana na mti mmoja, twamwita shamba-boi, hata awe na wajukuu! Jina hili tuliachiwa na walowezi, ambao kwao mtumishi Mwafrika alikuwa mtoto wa kiume hadi kufa kwake. Walowezi waliondoka, jina likabaki vinywani mwetu, na pamoja na jina hilo ukabaki ujira wake.

Ilhali lugha yetu ina hazina iliyo bora kuliko hiyo. Neno fundi ni la ukoo mmoja na fundisha, funza na mafunzo. Maana yake ni kwamba, katika fikra ya Kiswahili, ajuaye kazi na afunzaye kazi hawako mbali. Anayejifunza chini ya fundi huitwa mwanagenzi. Huko pwani, mwanagenzi alipohitimu alimpa fundi wake kilemba, yaani zawadi ya shukrani, na watu wakajua kwamba sasa huyu naye ni fundi kamili. Uanagenzi ulikuwa na mwanzo na mwisho uliojulikana. Je, uanagenzi wa kijana wa Ngoingwa huisha lini?

Wako watakaosema kwamba kupanda nyasi hakuhitaji mafunzo. Hebu tuitazame kazi yenyewe. Ardhi iliyo karibu na nyumba yapasa kuteremka kutoka ukutani, walau sentimita mbili kwa kila mita moja, ama sivyo maji ya mvua yatarudi kwenye msingi. Ukuta wa kuzuia udongo usipoachiwa matundu ya kupitishia maji, mvua za Aprili huujaza maji mgongoni hadi ukaanguka. Udongo mweusi wa upande wa Juja huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, kwa hiyo njia ya matofali inayotandazwa juu yake bila kuchimbwa na kushindiliwa kifusi haitadumu. Mtu akipanda mkuyu karibu na tangi la maji taka, mizizi italitafuta tangi. Akinyunyizia waridi dawa bila glavu wala kufunika pua, dawa itamtafuta yeye mwenyewe. Hayo yote ni elimu, na kosa lolote kati ya hayo hulipiwa na mwenye nyumba au na afya ya mfanyakazi.

Hata nyasi zina elimu yake. Zile tuziitazo nyasi za kikuyu ni wenyeji wa nyanda hizi zetu za juu. Leo hupandwa Australia, Afrika Kusini na California, na kote huko zimelihifadhi jina lao. Ajabu ni kwamba nyasi zimepata jina duniani, na anayezipanda nyumbani kwao hana jina!

Mtaani humu nimezungumza na kijana mmoja aliyeifanya kazi hii kwa miaka tisa. Alijifunza kwa kumtazama mjomba wake, na mjomba alijifunza katika nyumba za matajiri jijini Nairobi. Anajua kuchagua tawi la kukata, kulipanda na kulitilia kivuli hadi lipate mizizi. Anajua pia kupima mteremko kwa kamba, vigingi na mpira wa maji ulio wazi. Alipoomba kazi ya unyapara katika kampuni moja ya bustani, swali la kwanza lilikuwa, "Cheti kiko wapi?" Hakuwa nacho. Aliajiriwa kama kibarua wa kutwa, akawekwa chini ya mtu mwenye cheti ambaye, kwa maneno ya kijana huyo, humwuliza yeye namna ya kupima mteremko.

La kuhuzunisha zaidi ni kwamba kisa hiki si cha nyikani kusikokuwa na shule. Kilomita chache kutoka hapo, Juja, ndipo kilipoanza mwaka 1981, kwa msaada wa Japani, chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Kilimo cha bustani kilikuwa miongoni mwa masomo yake ya kwanza, na siku hizi hufundisha pia usanifu wa mandhari. Hapo hapo Thika pana taasisi ya taifa ya utafiti wa mazao ya bustani. Tuna wachoraji wa bustani na watafiti wa bustani. Daraja la kati yao na kijana mwenye jembe ndilo lililovunjika.

Wala hatuwezi kusema kwamba sheria haipo. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, iliyotungwa kabla ya uhuru, inautambua uanagenzi wenye mkataba wa maandishi. Marekebisho ya mwaka 2011 yaliunda Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo huwapima mafundi kwa madaraja, kuanzia la tatu hadi la kwanza. Katiba ya 2010 nayo iliwapa magatuzi jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini, na kwa hiyo serikali ya Kaunti ya Kiambu haiwezi kusema kwamba jambo hili haliihusu.

Ujerumani wamelitenda jambo hili kwa utaratibu. Huko ujenzi wa bustani na mandhari ni tawi mojawapo la kazi ya bustani, na uanagenzi wake kwa kawaida huchukua miaka mitatu. Mwanagenzi huwa na mkataba na kampuni, hulipwa posho, na hugawa wakati wake kati ya kazini na shuleni. Mwishoni hufanya mtihani, na tangu siku hiyo hakuna awezaye kumwita boi. Sisemi tuige kila kitu. Nasema kwamba wenzetu waliiona kazi hii kuwa kazi.

Naona basi mambo matatu yanayowezekana. Mosi, kampuni za bustani na wenye vitalu wawaandikie vijana mikataba yenye muda, posho na orodha ya mambo watakayofunzwa, badala ya kuwaweka katika ukibarua usio na kikomo. Pili, wale ambao tayari wanaijua kazi wapimwe kwa mikono yao na wapewe vyeti bila kurudishwa darasani kama wageni. Tatu, na hili lanihusu kitaaluma, wafunzwe na kupimwa kwa Kiswahili. Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kwa nini basi mtu ajuaye samadi, mboji, kitalu, kupogoa na timazi aanguke mtihani kwa sababu maswali ya maandishi yamekuja kwa Kiingereza? Hapo hatumpimi ufundi, bali twampima lugha ya kigeni.

Wenye shaka na wamkumbuke Profesa Wangari Maathai. Alipoanzisha Harakati za Ukanda wa Kijani mwaka 1977, wataalamu wa misitu hawakuamini kwamba wanawake wa vijijini wasio na vyeti wangeweza kuotesha miche. Wanawake hao waliotesha miti kwa mamilioni. Elimu walikuwa nayo mikononi. Kilichokosekana ni wa kuitambua.

Kwa wakazi wenzangu wa Ngoingwa nina ombi dogo lisilogharimu hata senti. Kesho, tunapomfungulia lango anayekuja kukata ua na kupalilia waridi, tumwamkie kwa heshima na tumwite fundi. Baada ya hapo tutaona haya kumlipa ujira wa boi, na tutaanza kuidai serikali yetu impe cheti cha jina hilo. Chanda chema huvikwa pete.