Ndoa Haina Mtoto? Nzi wa Mabibo Watoa Ushahidi!

Msimu wa korosho nilikuwa Ruangwa, nimejikalia barazani kwa binamu yangu, kikombe cha uraka mkononi, nzi wadogo wanazunguka mabibo yaliyoiva kupita kiasi. Raha tupu! Mara shangazi akaingia na hoja yake: miaka minne ya ndoa, mtoto hakuna.

"Mwanangu mzima kabisa. Mwenye kasoro ni huyu wa kuja!"

Shemeji akainamisha kichwa, akaendelea kunyofoa korosho. Nikashindwa kuvumilia.

"Shangazi, samahani. Waone hawa nzi."

Msomaji, usicheke. Nzi wa jamii hii waliwahi kuwatoa jasho wataalamu. Chukua dume wa porini, muoze jike wa maabara ambaye ukoo wake umefugwa chupani miaka nenda rudi. Wote wazima, na kila mmoja kwao anazaa kama kawaida. Lakini watoto wao, hasa kwenye joto, wanatoka tasa! Geuza sasa: jike wa porini, dume wa maabara. Watoto safi kabisa. Mwaka 1977 Margaret Kidwell na wenzake waliipa hali hiyo jina la kitaalamu.

Mchawi ni nani? Ni kipande cha DNA kiitwacho elementi P. Hakitulii: kinachomoka hapa, kinajipachika pale, kinavuruga jeni. Vipande virukavyo vya namna hiyo Barbara McClintock alivigundua kwenye mahindi, akapata Nobeli mwaka 1983. Elementi P iliwaingia nzi hawa karne ya 20, ikitoka kwa nzi wa jamii nyingine wa bara la Amerika. Wale wa maabara walishafungiwa chupani, haikuwafikia.

Jike wa porini huliwekea yai lake kinga ya kumtuliza mkorofi huyo. Jike wa maabara hana kinga hiyo, kwa sababu ukoo wake haujawahi kukutana naye. Basi kosa la nani hapo? Dume? Jike? Ukimtazama mmoja peke yake, huoni kitu.

"Binadamu si nzi, shangazi," nikamaliza. "Lakini ukimpima mmoja tu, utamwonea."

Kimya. Binamu akakohoa.

"Jumatatu twende wote hospitali. Naanza mimi."

Shemeji akainua kichwa. Shangazi akaninyang'anya kikombe: "Uraka umekutosha, mtoto wa mjini!"