Mnazungumza au mnashindana?

Urithi wa kihamba umegawanya ndugu wengi Kilimanjaro. Lakini kinachovunja nyumba mara nyingi si ardhi yenyewe, ni namna tunavyoiongelea.

Ilikuwa jioni ya tarehe 27 Desemba, Shirimatunda, Moshi. Kama kawaida ya mwisho wa mwaka, watu wamerudi nyumbani na mji umejaa magari ya Dar. Tulikuwa tumekaa kibarazani kwa rafiki zangu, mtu na mkewe, wote wafanyakazi, wote wamesoma. Nyama iko kwenye jiko la mkaa, vinywaji vya baridi mezani, na Kibo imejitokeza kidogo kabla giza halijaingia. Raha tupu.

Mara shemeji akatupia, kama utani tu, kwamba dada yake ambaye ndoa yake imevunjika ameomba akatiwe kipande kwenye kihamba cha marehemu baba yao. "Sasa jamani, binti anataka kihamba cha nini?"

Mkewe akaweka glasi chini taratibu. "Kwani wifi yangu si mtoto wa baba yenu?"

Haikupita dakika kumi, mwanaume kashaitwa mfumo dume, mwanamke kashaambiwa ameharibiwa na semina. Na mimi mhariri wenu, badala ya kupoza, nikacheka: "Shem, hilo sheria ilishalimaliza, wewe uko karne gani?" Shemeji akanyanyuka akaenda kugeuza nyama ambayo haikuhitaji kugeuzwa. Hakurudi mezani mpaka tunaaga.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimeshinda hoja na kumpoteza mtu.

Nusu ukweli ni tamu

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata hiyo hoja yangu ilikuwa nusu. Ni kweli, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Lakini kuna Tamko la Sheria ya Mila la 1963, ambalo liliwaweka mabinti daraja la mwisho katika urithi, na kuwazuia kuuza ardhi ya ukoo. Wajane wawili walilipinga Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba kanuni zile ni za kibaguzi, halafu ikakataa kuzifuta kwa hoja kwamba mila si kitu cha kubadilishwa kwa hukumu. Wajane hawakukata tamaa. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ikasema nchi yetu ilikuwa imevunja haki zao.

Kwa hiyo "sheria ilishalimaliza" lilikuwa neno la kumfunga mtu mdomo, si la kumweleza ukweli.

Na kuna kesi moja ambayo kila upande huipenda, kila mmoja na kipande chake. Bibi Holaria Pastory, wa Kagera, alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Uzee ulipomwingia na hana wa kumtunza, mwaka 1988 akaiuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa Sh 300,000. Jamaa wa ukoo wake akaenda mahakamani: mwanamke hauzi ardhi ya ukoo! Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanaume, kwa sababu Haki za Binadamu zilishaingizwa kwenye Katiba mwaka 1984.

Hapo ndipo wengi wetu tunapofunga kitabu na kupiga makofi. Lakini jaji aliendelea. Alisema mtu wa ukoo anayeitaka kweli ardhi ile anaweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake, na akampa yule jamaa miezi sita. Yaani bibi alipata haki yake, na hofu ya ukoo kuona ardhi inakwenda kwa wageni nayo ikasikilizwa. Msimamo wa jaji haukuyumba hata kidogo, na bado hakuna aliyedharauliwa.

Chini ya hoja kuna hofu

Wiki iliyofuata nilirudi Shirimatunda. Nilianza kwa kuomba radhi: "Shem, siku ile nilikucheka, na nilichokisema chenyewe kilikuwa nusu." Akaguna. "Haya, kaa basi."

Nikawaomba wafanye kitu kimoja. Kila mmoja aeleze hoja ya mwenzake, si yake, mpaka mwenzake aseme "hapo umenipata". Jamani, ilichukua karibu saa nzima! Mke alianza: "Yeye anataka wanaume tu ndio wamiliki kila kitu." Mume akatikisa kichwa. Jaribio la pili, hapana. La tatu, mume akaamua kusema mwenyewe, kwa sauti ya chini, kwamba baba yake amezikwa katikati ya ile migomba. Yeye ndiye kitinda mimba, nyumba ya mama ni jukumu lake. Anaogopa dada akipewa, kesho kipande kile kitaishia mikononi mwa mtu asiyewajua, na kaburi la mzee litakuwa uani kwa watu.

Mke alinyamaza. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuyasikia hayo.

Zamu ya mume. "Yeye anamtetea wifi yake kwa sababu ni wanawake wenzake." Hapana. Hatimaye mke akasema: "Nikimwangalia dada yako najiona mimi. Ikitokea siku haya yetu yamekwisha, mimi narudi wapi? Kwetu kaka zangu wameshagawana."

Ndipo ukweli mgumu ulipotoka pande zote mbili. Mume alikiri kwamba anaitetea mila ya kihamba ilhali yeye mwenyewe anaishi kwenye kiwanja alichonunua mjini, na kahawa ya baba ameiona mara mbili mwaka mzima. Mke naye alikiri kwamba hajawahi kuthubutu kuwaambia kaka zake haya anayomwambia mumewe.

Tusidanganyane, hofu zote mbili zina msingi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,861,934 mkoani Kilimanjaro, kutoka 1,640,087 mwaka 2012. Mlima haujaongezeka. Kihamba kilichomtosha babu leo kinadaiwa na wajukuu. Lakini ufinyu huo haujibu swali la kwa nini wa kukosa awe binti kila mara. Mimi bado naamini dada yule ana haki, na nilimwambia shemeji hivyo hivyo, usoni. Safari hii hakuinuka.

Jaribuni haya nyumbani

Iwe ni urithi, mahari, dini ya watoto au siasa, kabla hamjarushiana maneno:

1. Sema unachokijua, na kubali usichokijua. "Sina uhakika" haijawahi kumpunguzia mtu heshima.

2. Eleza hoja ya mwenzako mpaka akubali umeielewa. Ukishindwa, bado hujawa tayari kumpinga.

3. Uliza "unaogopa nini?" kabla ya kuuliza "kwa nini uko hivyo?"

4. Acha majina. Ukishamwita mtu mfumo dume au msaliti wa mila, atatetea jina lake, hatasikiliza hoja yako.

5. Usibadilishe msimamo ili tu yaishe. Kukubali kwa uongo ni deni, na litadaiwa.

6. Si kila jambo ni la mbele ya wageni. Na wewe mgeni, usicheke!

Wachagga tuna jani letu, isale. Ndilo tunalopanda kuonyesha mpaka wa kihamba. Na ndilo hilo hilo mtu hulibeba anapokwenda kuomba msamaha, na aliyepelekewa hatakiwi kukataa. Wazee wetu walijua kwamba unaweza kuweka mpaka na mtu bila kumfungia mlango.

Dada wa watu bado hajapewa kipande chake. Ila kikao cha familia kimepangwa Pasaka, na kwa mara ya kwanza naye ameitwa, akae aongee mwenyewe. Shemeji ndiye aliyempigia simu.