Jina Liko Shuleni, Mtoto Yuko Shambani

Mimi ni bwana shamba. Nimezoea kuzungumza nawe juu ya mbegu, mbolea na palizi. Mwezi huu tuzungumze juu ya mtoto wa kike na shule. Nitakueleza sababu.

Msimu mmoja nilitembelea shamba la mtama la mzee mmoja. Ilikuwa saa tatu asubuhi, siku ya Jumanne. Punje za mtama zilikuwa bado na maziwa, na ndege walikuwa wengi. Juu ya dungu alikaa msichana wa miaka kama kumi. Alikuwa anapiga debe ili kuwafukuza ndege.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bwana Shamba. Karibu."

"Mzee, mtoto huyu hasomi?"

"Anasoma! Nilimwandikisha mwenyewe. Jina lake liko shuleni."

"Na kaka yake yuko wapi?"

"Yuko darasani."

Maneno yale sikuyasahau. Jina la binti lilikuwa shuleni. Binti mwenyewe alikuwa juu ya dungu.

TUMETOKA MBALI

Wakati wa ukoloni watoto wachache tu wa Afrika Mashariki walisoma. Wasichana walikuwa wachache zaidi. Baada ya uhuru, nchi zetu zilianza kurekebisha jambo hili.

Hapa Tanzania, mwaka 1974, chama cha TANU kilikutana Musoma. Kiliamua kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa shule apate nafasi ya kusoma. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamlazimisha mzazi kumpeleka mtoto shule. Hakusemwa mtoto wa kiume peke yake.

Miaka ya 1980 hali ya uchumi ikawa mbaya. Ada na michango ikarudi. Watoto wengi wakabaki nyumbani. Mwaka 2001 ada ya shule za msingi ilifutwa tena. Mwaka 2000 wanafunzi wa shule za msingi walikuwa zaidi ya milioni 4. Mwaka 2005 walikuwa zaidi ya milioni 7.

Wenzetu nao walifanya hivyo. Uganda ilifuta ada mwaka 1997. Hapo mwanzo ilikuwa watoto 4 kwa kila familia, na wawili kati yao wawe wasichana kama wapo. Kenya ilifuta ada mwaka 2003.

Kwa nini kufuta ada kulimsaidia sana msichana? Fikiri juu ya baba mwenye watoto wawili na fedha ya ada ya mtoto mmoja. Wengi walimchagua mvulana. Walisema msichana ataolewa aende kwa watu. Ada ilipoondoka, baba hakuwa na haja ya kuchagua.

HESABU YA USAWA

Wataalamu hupima usawa kwa hesabu nyepesi. Wewe pia unaweza kuifanya. Chukua idadi ya wasichana, ugawe kwa idadi ya wavulana.

Tuchukue mfano. Shule ina wasichana 50 na wavulana 50. Hamsini ukigawa kwa hamsini unapata 1. Huo ndio usawa. Shule nyingine ina wasichana 40 na wavulana 50. Hapo unapata 0.8. Maana yake, kwa kila wavulana 10 kuna wasichana 8 tu.

Leo, katika shule za msingi za Tanzania, Kenya na Uganda, wasichana wanalingana na wavulana au wanakaribiana nao sana. Lakini si hivyo kila mahali. Sudan Kusini, nchi inayopakana na Uganda na Kenya, iliharibiwa na vita. Huko wasichana shuleni bado ni wachache kuliko wavulana.

KUPANDA SI KUVUNA

Ndugu msomaji, wewe ni mkulima. Ukipanda mashimo mia moja, hujivuni siku ile ile. Unapalilia, unalinda, kisha unahesabu magunia. Kuandikisha mtoto ni kupanda. Kumaliza shule ni kuvuna.

Hesabu ya usawa huhesabu majina yaliyoandikishwa. Haimwoni binti aliye juu ya dungu. Haimwoni aliyekwenda kisimani alfajiri akafika darasani saa nne, amechoka. Haimwoni anayebaki nyumbani siku za hedhi kwa sababu choo cha shule hakina mlango. Haimwoni pia mvulana aliyeondolewa darasani akachunge ng'ombe. Huyo naye ana haki yake.

Sheria iko upande wa mtoto. Tangu mwaka 2016, anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba anaweza kufungwa miaka 30. Tangu mwezi Novemba 2021, msichana aliyeacha shule kwa kupata mtoto anaruhusiwa kurudi kusoma. Lakini sheria haiamii ndege. Kazi ya nyumbani tunaigawa sisi wenyewe.

MZEE ALIFANYA NINI

Nilikaa na yule mzee chini ya mti. Nilimkumbusha kwamba ndege hula zaidi asubuhi na jioni. Akazungumza na majirani wawili wenye mashamba ya mtama. Wakakubaliana kuamia kwa zamu. Asubuhi wanaamia watu wazima. Jioni wanawasaidia watoto wote waliotoka shule, wa kike na wa kiume. Wiki iliyofuata nilipita pale. Juu ya dungu alikaa mzee mwenyewe, debe mkononi. Aliniambia, "Bwana Shamba, kumbe kazi hii inachosha!" Tulicheka wote.

Nawe fanya hivi. Muulize mwalimu mtoto wako amehudhuria siku ngapi mwezi huu. Gawa kazi za nyumbani sawa kwa wasichana na wavulana. Katika mkutano wa kijiji, uliza juu ya choo cha wasichana. Leo unasoma gazeti hili mwenyewe. Usikubali binti yako aje kuanza kusoma ukubwani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika shule yenu, wasichana wangapi na wavulana wangapi wako darasa la kwanza? Na darasa la mwisho je?

2. Ni kazi gani huwatoa watoto darasani kijijini kwenu? Nani mwingine anaweza kuzifanya?