KIJANA WA NG'AMBO MKOANI PWANI

Kila mwaka huja katika Mkoa wa Pwani vijana wa kiume na wa kike kutoka Ulaya, Marekani na Japani, waliojitolea kufanya kazi kati yetu kwa posho ya kujikimu tu. Wengine hupelekwa Kibaha, wengine Kisarawe. Twaona yafaa leo tuyatazame yanayowapata katika majuma yao ya kwanza, maana ndipo inapoamuliwa, aghalabu pasipo wao wenyewe kujua, kama watatufaa au watabaki wageni mpaka siku ya kuondoka.

Kijana aliyewekwa Kibaha hukutana kwanza na barabara kuu. Ni mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka Dar es Salaam, na malori yaendayo Zambia na Kongo hupita usiku na mchana. Alijiandaa kuiona Afrika ya vitabuni. Anaona maduka ya simu, bodaboda, na watoto wa shule waliovaa sare safi kuliko nguo zake. Mwenzake wa Kisarawe hupanda vilima vya Pugu, huupita msitu, kisha hushika njia ya vijijini kuelekea Maneromango, penye mihogo na mikorosho. Huyo naye hudhani amefika mahali pasipopata kufikiwa na mgeni. Laiti angejua kuwa wamisionari wa Kijerumani walijenga huko tangu karne ya 19!

Halafu huja mambo ya kila siku. Ataambiwa mkutano ni saa mbili asubuhi, naye huandika kwa hesabu ya kwao na kufika mchana, watu wamekwisha kutawanyika. Akijikwaa, watu kumi humwambia pole, naye hustaajabu kwa nini wanamwomba radhi kwa jiwe wasiloliweka wao. Watoto humwita Mzungu toka mwanzo wa njia hata mwisho, na kama ni Mjapani huitwa Mchina, wala hapendi. Mtoto humpa shikamoo, naye hujibu shikamoo, na kijiji kizima hucheka. Katika haya hakuna ubaya. Mwenye masikio huyajua yote katika mwezi mmoja.

Lililo zito ni lile analoliandikia kwao. Mara nyingi huandika kwamba watu wa hapa ni maskini lakini wana furaha. Hili twalikataa. Mama anayecheka na wenzake kisimani hachekeshwi na umbali wa maji. Anacheka kwa kuwa yu pamoja na wenzake, na kesho angefurahi zaidi bomba likimfikia mlangoni. Kijana asiyetofautisha hayo mawili atafanya kazi kwa huruma, na huruma huchoka upesi.

Wala wenyeji hawakosi sehemu yao. Mgeni hupewa kiti kizuri na kuku wa pekee, na akileta shauri lisilofaa, wazee huitikia ndiyo kwa adabu. Anataka bustani ya mboga ipandwe mahali ambapo kila mtu ajua maji hukauka mwezi wa Septemba. Hakuna amwambiaye. Bustani yafa, naye huondoka akidhani watu ni wavivu, na watu hubaki wakidhani Wazungu hawana akili. Adabu ya namna hiyo haimheshimu mgeni hata kidogo. Mzee wa Kizaramo aliyelima bonde hilo tangu ujana wake ni mwalimu wa kijana huyo, na mwalimu hana budi kusema.

Isitoshe, kujitolea si neno geni kwetu. Katika miaka ya 1960 wananchi walitoka alfajiri na majembe yao kuchimba barabara na misingi ya shule bila malipo. Hao nao walikuwa vijana wa kujitolea, ingawa hakuna aliyewapigia picha.

Kibaha yenyewe ina ushahidi wake. Mwaka 1963 Tanganyika pamoja na Denmaki, Ufini, Norwe na Uswidi zilianzisha pale kituo cha kupigana na ujinga, maradhi na umaskini: shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima, na huduma ya afya. Mwaka 1970 wageni walikabidhi kazi kwa Serikali yetu. Shirika la Elimu Kibaha lingali lipo, shule ingali inafundisha, na huduma ile ya afya imekua hata kuwa hospitali ya Tumbi. Wenyeji walikuwa tayari kuishika kazi.

Vijana wa Kimarekani wa Peace Corps nao walifika Tanganyika mwaka 1961, kabla ya Uhuru. Waliondoka 1969, wakarudi 1979. Machi 2020, kwa ajili ya Uviko, wajitoleaji wao wa dunia nzima waliitwa kwao kwa siku chache tu. Mwalimu wa hesabu alikuwapo juma hili. Juma lililofuata hayupo.

Kwa hiyo kijana akifika Kisarawe au Kibaha, na akae nyumbani mwa wananchi, ajifunze Kiswahili kabla ya kufundisha lolote, na apewe mwenzi wa kazi aliye mwenyeji. Nao viongozi wa kijiji na wamtaje mapema, kabla mgeni hajafungua mizigo, ni nani atakayeushika ufunguo wa maabara siku atakapoondoka.