Mji Uliojengwa Upya na Akina Mama

Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, daktari mpasuaji alituita siku moja kando ya kitanda cha mama mmoja mgonjwa, akatuonyesha kifundo kidogo kigumu kwenye kitovu chake. "Hiki kina jina la nesi," alisema. Ni dalili kwamba saratani iliyoanzia ndani ya tumbo imekwisha kuenea, na kinaitwa kwa jina la Sista Mary Joseph. Tuliandika kwenye madaftari yetu tukaendelea na raundi. Nilichukua miaka mingi kabla ya kuuliza sista huyo alikuwa nani, na jibu likanipeleka kwenye mji wa Rochester, makao makuu ya kaunti ya Olmsted, katika jimbo la Minnesota, Marekani.

Mji ule ulianza mwaka 1854. Bwana mmoja, George Head, alifika na mkewe Henrietta, wakajenga nyumba ya magogo karibu na mto Zumbro, penye njia ya magari ya farasi, wakalaza wasafiri na kuwalisha. Jina alilitoa kwenye mji wa Rochester, New York, alikowahi kuishi. Husimuliwa kwamba barabara kuu aliichora kwa kukokota gogo nyuma ya ng'ombe! Mwaka uliofuata kaunti ikaundwa, mwaka 1864 reli ikafika, na ngano ikawa utajiri wa wakulima. Kufikia mwaka 1880 mji ulikuwa na watu 5,103.

Daktari William Worrall Mayo, Mwingereza wa kuzaliwa, alikuja mwaka 1863 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuwapima vijana walioandikishwa jeshini. Akaupenda mji, akamleta mkewe Louise na watoto. Basi, kama si yaliyofuata, nadhani Rochester ingebaki stesheni ya ngano tu, kama miji mingine mingi ya pale.

Jioni ya tarehe 21 Agosti 1883 kimbunga kikaupiga mji. Watu zaidi ya 30 walifariki, na majeruhi walikuwa wengi. Hospitali hapakuwa nayo hata moja. Majeruhi walilazwa katika ukumbi wa dansi, na Daktari Mayo akawaomba masista Wafransisko waje kuwauguza. Masista hawa walikuwa walimu wa shule. Mwenzangu muuguzi, fikiri: unatoka kwenye ubao na chaki, unaingia kufunga majeraha.

Mkuu wao, Mama Alfred Moes, mzaliwa wa Luxembourg, akamwendea daktari na neno: masista watajenga hospitali, ikiwa yeye atakubali kuwa mganga wake. Daktari alikataa. Mji ni mdogo mno, alisema, na gharama ni kubwa. Tena siku zile watu waliiona hospitali kuwa mahali pa kwenda kufia. Mama Alfred hakubishana sana, wala hakukata tamaa. Masista walijinyima miaka kadhaa, wakiweka akiba mishahara ya ualimu na mapato ya kazi za mikono, mpaka jengo likasimama. Hospitali ya St. Marys ilifunguliwa mwaka 1889 ikiwa na vitanda 27. Mzee Mayo alikuwa na miaka 70, na wanawe wawili, William na Charles, walikuwa tayari madaktari.

Lakini nani angewafundisha masista uuguzi? Alikuwapo Edith Graham, muuguzi aliyesomea Chicago. Yeye ndiye aliyewafundisha, na yeye ndiye aliyetoa nusukaputi chumba cha upasuaji, hadi alipoolewa na Daktari Charles mwaka 1893. Rafiki yake Alice Magaw akashika nafasi hiyo, na mwaka 1906 akaandika taarifa ya wagonjwa zaidi ya 14,000 aliowalaza kwa dawa bila hata mmoja kufa kwa ajili ya dawa yenyewe. Nimewahi kukaa kichwani pa mgonjwa nikihesabu pumzi zake, kwa hiyo najua hesabu hiyo ina uzito gani.

Na Sista Mary Joseph? Jina lake la kuzaliwa ni Julia Dempsey. Naye alikuwa mwalimu. Inasimuliwa kwamba mara ya kwanza alipotakiwa kusimama karibu na mgonjwa mwanamume aliyevuliwa nguo, aligeukia ukutani kwa aibu. Mwaka 1892 akawa msimamizi wa hospitali nzima, kazi aliyoifanya mpaka kifo chake mwaka 1939, na kwa miaka mingi alikuwa msaidizi wa kwanza wa Daktari William kwenye upasuaji. Ni pale, akiwaosha wagonjwa na kuwaandaa, alipokiona kile kifundo cha kitovuni na kumweleza daktari. Daktari akamsikiliza. Mwaka 1906 alianzisha chuo cha wauguzi.

Leo Rochester ina watu zaidi ya 120,000, na wagonjwa huja kutoka duniani kote kwenye kliniki ya Mayo.

Yule mama tuliyeonyeshwa alifariki wiki chache baadaye. Mimi ndiye niliyemwogesha asubuhi ile, na kifundo kilikuwa pale pale.