Tundu Mahali pa Uso

Gulu Real Art Studio ni studio ya picha katika mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda. Mteja aliyetaka picha ya kitambulisho aliketi kitini mbele ya pazia, akapigwa picha moja ya mwili, kisha uso wake ukakatwa kwa saizi ya pasipoti. Kamera ya pasipoti ingetoa nyuso nne kwa mpigo, na mwenye kuhitaji moja hakuona sababu ya kulipia nne. Uso ukaenda na mwenyewe. Mabega, mikono, magoti na tundu la pembe nne mahali pa kichwa vikatupwa. Mpiga picha Mwitaliano Martina Bacigalupo aliyakusanya mabaki hayo, na mwaka 2013 yakatoka katika kitabu kilichochapishwa na Steidl ya Ujerumani. Ukiyapitia kurasa kwa kurasa unagundua jambo ambalo picha moja isingekuambia: koti la suti ni lilelile, likivaliwa na mtu huyu na yule, kwa wengine likipwaya na kwa wengine likibana, maana studio ililiazimisha kwa wasio nalo. Katika mji uliokuwa umepitia miaka ya vita na waasi wa Joseph Kony, kila mtu alitaka aonekane nadhifu mbele ya karani atakayepokea fomu yake.

Takataka ile imegeuka historia kwa sababu kuna mtu aliyeikusanya, akaipanga na kuifunga ndani ya jalada. Kazi hiyo kwa kawaida huangukia wachapishaji wadogo wanaojitegemea, na sababu yake ni hesabu. Kitabu cha picha hutaka karatasi nzito, rangi, na mtu wa kusafisha picha moja baada ya nyingine. Gharama hizo hazipungui hata ukichapa nakala mia chache tu. Wachapishaji wakubwa wa Afrika Mashariki huishi kwa vitabu vya kiada, ambavyo mnunuzi wake, yaani shule, anajulikana kabla mashine haijawashwa. Nani atawalaumu kwa kutogusa makasha ya negativu za mpiga picha wa mtaani? Lakini negativu hazisubiri soko likue. Joto na unyevu huzila, na mwenye studio akifariki, warithi huhitaji chumba.

Hata hivyo, kuokoa picha ni nusu ya kazi. Mwaka 2011 Mholanzi Andrea Stultiens na Mganda Rumanzi Canon walianzisha mradi wa History In Progress Uganda, wa kukusanya picha za zamani kutoka kwa familia na taasisi. Kutokana nao, kati ya 2014 na 2017 vilitoka vitabu vinane vidogo katika mfululizo uitwao Ebifananyi, neno la Kiganda lenye maana ya picha. Msomaji wa Kiswahili halimpigi chenga: limetoka kwenye kitenzi tulicho nacho sisi pia, kufanana. Ndani ya neno hilo mna hoja nzima. Picha ni kitu kinachofanana na mtu, na huwezi kusema kinafanana pasipo kumjua huyo anayefanana nacho. Kitabu cha kwanza kinamhusu mpiga picha Deo Kyakulagira, na cha pili Musa Katuramu, aliyewapiga picha watu wa Ankole na ambaye negativu zake zilitunzwa na familia. Bila vitabu kama hivyo, watu hao wawili wangebaki kumbukumbu za nyumbani kwao tu.

Wapo watakaouliza: kwa nini kitabu, ilhali picha zinaweza kuwekwa mtandaoni bure zikaonwa na maelfu? Swali ni la haki, na waanzilishi wa mradi ule wenyewe waliutumia mtandao, kwa kuwa ndiko anakopatikana mtu wa kusema, "Huyu ni shangazi yangu." Lakini mtandao unaokusanya majina ndio huohuo unaoyapoteza. Picha ikishahifadhiwa kwenye simu na kurushwa kundi hadi kundi la WhatsApp, maelezo hubaki nyuma, na baada ya wiki mbili imekuwa "Kampala ya zamani" tu. Kitabu hushikiza picha, jina na mwaka katika ukurasa mmoja, kikakaa rafuni bila kudai umeme wala ada. Mtandao uulize, kitabu kiandike jibu.

Pingamizi la bei ni zito zaidi. Kitabu cha picha kilichochapwa Ulaya huuzwa kwa fedha ambayo mwalimu wa Gulu hawezi kuitenga, na maelezo yake mara nyingi ni ya Kiingereza au Kijerumani. Lawama hiyo ina ukweli, na si sahihi kuifunika kwa kusifu ubora wa karatasi. Ila haithibitishi kwamba kitabu hakikustahili kuchapwa. Inathibitisha kwamba kazi iliachwa kabla ya kwisha. Toleo la pili la karatasi nyepesi, maelezo kwa lugha ya waliopigwa picha, na nakala chache kwa maktaba ya wilaya na familia zilizotoa negativu, si ndoto. Ni bajeti inayopaswa kuandikwa tangu siku ya kwanza, pamoja na bei ya wino.

Kwa hiyo mchapishaji wa namna hii asipimwe kwa mahali alipochapia, wala kwa uraia wake. Apimwe kwa kuuliza kama aliyemo pichani, au mjukuu wake, anaweza kukisoma kilichoandikwa chini ya picha na kujikuta humo kwa jina. Kwa nyuso za Gulu zilizokwenda na wenyewe, huenda haiwezekani tena. Lakini kwa picha ambazo nyuso bado zimo, kuzichapa bila majina ni kurudia kazi ya ule mkato.